Kuwaka na Kutowaka: Historia ya Hitilafu za Uanzaji wa Kompyuta katika Shinyanga na Geita

Miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili vilivyobebeshwa kazi nyingi kupita kiasi katika miaka mia moja iliyopita ni kitenzi kuwaka. Asili yake ni moto wa kuni na makaa, nacho kina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu. Kwa kanuni ile ile iliyozaa angusha kutoka anguka na chemsha kutoka chemka, kitenzi hiki kilizaa washa, na viwili hivyo vikatoka mekoni vikaenda kwenye taa ya mafuta, kisha kwenye injini ya gari, na mwisho katika kila chombo kinachotumia umeme. Leo mtu wa Shinyanga mjini, wa Kahama au wa Katoro anapopeleka kompyuta kwa fundi, maelezo yake aghalabu huwa neno moja tu: haiwaki. Neno hilo ni la kweli, wala si la mjinga. Lakini lilikomaa katika mashine za namna nyingine, likaikuta kompyuta imekwisha pita utoto wake mahali pengine, na tofauti baina ya mashine zile na hii imekuwa na gharama yake.

Mashine hazikuingia katika ukanda huu pamoja na kompyuta. John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na karibu na shimo lake ukajengwa mji mzima wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege. Upande wa Geita, mgodi wa dhahabu uliofunguliwa katika miaka ya 1930 ulifanya kazi hadi ulipofungwa mwaka 1966. Baina ya migodi hiyo miwili vilienea viwanda vya kuchambua pamba, na mashine za kusaga nafaka zikafika katika kila soko la maana. Hizi za mwisho ndizo zilizowafundisha watu zaidi, kwa kuwa mgodi ulikuwa na ua na walinzi, lakini mashine ya kusaga ilikuwa sokoni, na kila mtoto aliyetumwa na debe la mahindi aliweza kusimama mlangoni akaitazama ikiwashwa.

Injini ya dizeli ya mashine ya kusaga iliwashwa kwa mkono. Fundi alitia mpini, akainua valvu ili mgandamizo upungue, akazungusha gurudumu zito mpaka likapata mwendo, kisha akaiachia valvu. Injini ama ilishika, ama haikushika. Isiposhika, sababu zilikuwa chache, nazo zilijitambulisha zenyewe: hewa imeingia katika njia ya mafuta, nozeli imeziba, au ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe ulisema hili, moshi mweusi ukasema lile, na mkono uliozungusha gurudumu ulihisi kama mgandamizo upo au umetoroka. Hapo ndipo kitenzi kuwaka kilipopata maana yake ya kimashine, nayo ni maana iliyo kamili: moto umo kweli ndani ya silinda, na injini iliyowaka inafanya kazi yake yote. Hakuna injini iliyowaka ikakaa bila kuzunguka. Pamoja na kuwaka kikatumika kugoma, neno lile lile linalotajwa kwa makuli wa Dar es Salaam walioacha kazi mwaka 1947 na wa Unguja mwaka 1948. Mashine iliyogoma husemwa hivyo kana kwamba nayo ina madai yake.

Redio ilileta fikra nyingine. Wengi hawakusema kuwasha redio, walisema kuifungulia, na kuizima kukawa kuifunga, kama kwamba sauti ni maji yaliyokuwa yakingoja nyuma ya bomba au wageni waliokuwa wakingoja nyuma ya mlango. Matumizi hayo yangali hai hata sasa. Redio za zamani zilizotumia vali za kioo zilichukua muda kabla ya kusema. Vali zilipata moto kwanza, zikaonesha wekundu hafifu, ndipo sauti ikaja. Basi kwa mara ya kwanza mtumiaji wa kawaida alikutana na chombo ambacho kimewaka lakini hakijaanza kazi. Funzo hilo halikudumu. Transista iliondoa ule muda wa kungoja, na redio ndogo za betri, zikiwamo zile za National zilizotengenezwa na Matsushita pale Dar es Salaam, zilisema mara tu zilipofunguliwa. Lakini redio iliacha kitu kimoja kikubwa, nacho ni fundi wa redio: mtu wa kibanda kidogo, mwenye risasi ya kulehemu na bisibisi, ambaye hata pasipokuwapo umeme alipasha chuma chake juu ya jiko la makaa. Huyo ndiye ambaye baadaye angeletewa kompyuta.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Hadi mwaka 1974 idadi yake ilikuwa bado ni ya kuhesabika kwa vidole, na zote zilikuwa mashine kubwa za taasisi. Kazi ya hesabu za serikali iliyohamishiwa kwenye mashine hizo ilileta vurugu badala ya wepesi, na mwaka huo wa 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Masharti hayo yalilegezwa kidogo kidogo tu katika miaka ya 1980, na mpaka mwanzo wa miaka ya 1990 ndipo njia ilipofunguka. Wenye kuandika juu ya agizo hilo huwa wanahesabu hasara ya ofisi. Ipo hasara nyingine isiyotajwa sana, na hiyo inahusu nyumba.

Katika Uingereza na Marekani miaka ile ile ya katazo ndiyo iliyokuwa miaka ya kompyuta za nyumbani. BBC Micro ilitoka mwaka 1981. Sinclair ZX Spectrum na Commodore 64 zilitoka mwaka 1982. Zilikuwa mashine za bei nafuu kwa kadiri ya nchi zile, nazo zilitegemea vyombo viwili vilivyokuwa tayari sebuleni: televisheni kwa kuonesha maandishi, na kinasa sauti cha kaseti kwa kuhifadhi programu. Sasa na itazamwe nyumba ya Shinyanga ya wakati huo. Kaseti ilikuwapo, na katika nyumba nyingi ilikuwa fahari ya chumba. Televisheni haikuwapo, wala isingekuwa na la kuonesha, kwa kuwa Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzo wa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo hata kama katazo la kompyuta lisingekuwapo, kompyuta ya nyumbani ingefika kwenye nyumba yenye masikio bila macho. Kizazi kizima cha mashine hizo kilipita mbali na Shinyanga na Geita.

Kilichopita pamoja nacho si michezo ya watoto tu. Kilipita chuo cha bure cha kujifunza jinsi kompyuta inavyoanza, maana mashine hizo zilikuwa rahisi kiasi cha kueleweka na mtu mmoja, nazo ziliharibika mara nyingi katika hatua ya kuanza. Kompyuta haianzi kama injini. Kwanza umeme wa nyumba hupunguzwa mpaka volti 5 hivi. Kisha saa ya mashine, yaani kipande cha kwazi kinachotetema mara milioni kadhaa kwa sekunde, huanza kupiga. Ndipo saketi ndogo huishikilia prosesa kwa kitambo kifupi, ili umeme utulie, kisha huiachia. Na prosesa ikiisha kuachiwa huenda mahali pamoja palipowekwa tangu kiwandani, ikasome amri ya kwanza.

Amri hiyo inatoka wapi, na hali kumbukumbu ya muda, yaani RAM, hupotea kila umeme unapozimwa? Waingereza na Wamarekani walipotafuta jina la jambo hili walimfikiria mtu anayejiinua kutoka ardhini kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe. Mswahili aliyelelewa karibu na meko ana picha iliyo bora zaidi, nayo haina kichekesho. Mwenye nyumba hakuwasha moto upya kila alfajiri. Alilifunika kaa usiku kwa majivu, na asubuhi akalifukua, akaongeza kuni. Kama lilikufa alikwenda kupalia moto kwa jirani. Kumbukumbu isiyofutika, yaani ROM, ndilo kaa lililofunikwa majivuni. Ina amri chache zinazobaki hata mashine ikizimwa mwaka mzima, na kazi ya amri hizo ni kuamsha sehemu nyingine zote, kuzijaribu, na kuandika neno la kwanza kwenye skrini.

Neno hilo la kwanza ndilo lililokuwa mtihani. Commodore 64 iliyo nzima hueleza yenyewe kwamba baiti 38911 zi huru kwa programu za mwenye mashine. Namba ikiwa pungufu, ipo chipu ya kumbukumbu iliyokosa mtihani; skrini ikiwa nyeusi tupu, hitilafu iko mapema zaidi, aghalabu katika kumbukumbu yenyewe au katika ile chipu inayogawa njia baina ya sehemu na sehemu, ambayo kwa mashine hizo ilijulikana kwa kuungua. BBC Micro husema kwa sauti: mlio wa tuni mbili ukisikika, uanzaji umekamilika, mlio mmoja usiokoma ni dalili kwamba prosesa haikufika mwisho wa amri zake za kwanza. ZX Spectrum huandika mstari wa jina la mtengenezaji chini ya skrini, nayo ilikuwa na udhaifu wake: chipu za kumbukumbu ya chini zilihitaji volti za namna tatu, na moja ikipotea, skrini hujaa mistari na miraba isiyo na maana.

Kisa cha kisanduku cha umeme cha Commodore 64 chafaa kusimuliwa kirefu kidogo, kwa sababu fundi wa Geita angekielewa upesi kuliko mwalimu wa London. Kisanduku hicho kilimiminiwa gundi ngumu ndani, kisifunguke wala kisipoe vizuri. Kilipozeeka, kidhibiti chake cha volti 5 kiliweza kuharibika kwa njia iliyo mbaya kuliko zote: badala ya kukata umeme, kiliupandisha. Taa ndogo nyekundu ya mashine iliendelea kuwaka kama kawaida, na wakati huo huo chipu za ndani zilikuwa zikiungua. Wenye kuzitunza mashine hizo sasa, ambazo zimekwisha pita umri wa miaka 40, wana sheria moja wasiyoivunja: kisanduku hupimwa kwa mita kikiwa peke yake kabla hakijachomekwa kwenye mashine. Mkazi wa mji wa machimbo ana jina la balaa hiyo bila kufundishwa na mtu. Huiita umeme mkubwa, na ndugu yake ni umeme mdogo, ule unaofanya taa zififie jioni karasha zote za kusaga mawe ya dhahabu zinapokuwa kazini.

Kompyuta zilipofika katika ukanda huu hazikuja kama vyombo vya sebuleni. Zilikuja kama vyombo vya kazi, na mlango wao mkubwa ulikuwa uchimbaji mpya. Mgodi mpya wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na Bulyanhulu ulifuata mwaka 2001. Ndani ya ua wa migodi kompyuta zilikuwa nyingi, na umeme ulitunzwa. Geita kwa miaka mingi ilijifulia umeme wake kwa mitambo ya mafuta. Nje ya ua, katika Kahama, katika Geita mjini na katika vijiji vya machimbo vilivyogeuka kuwa miji, kompyuta ilikaa katika duka la steshenari, pale barua zinapochapwa, vyeti vinapotolewa kivuli na picha za pasipoti zinapopigwa. Hii mara nyingi ilikuwa mashine iliyokwisha tumika mahali pengine, yenye monita ya chogo na kisanduku kizito cha bati. Kwa wakazi wengi ndiyo iliyokuwa kompyuta ya zamani ya kwanza na mpya kwa pamoja.

Mtumba huo ulikuja na hitilafu zake za kuanza, nazo ni tofauti na zile za Commodore. Iliyotoka Marekani ilikuwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, iliyoachwa kwenye volti 115. Mwenye kuichomeka katika umeme wa Tanzania wa volti 230 bila kuigeuza alisikia mlipuko mmoja, na mashine ikawa imekufa kabla ya kuanza maisha yake mapya. Iliyokaa stoo muda mrefu betri yake bapa ilikwisha, ikasahau tarehe na jinsi diski yake ilivyo, na kila asubuhi ikasimama katikati ya kuanza ikingoja kitufe cha F1 kibonyezwe. Zilizotengenezwa karibu na mwaka 2000 na miaka michache iliyofuata nyingi zilikuwa na kapasita mbovu, ambazo zilivimba vichwa na kuvuja. Feni huzunguka, taa huwaka, wala skrini haioneshi neno. Na juu ya yote hayo kuna vumbi. Kiangazi cha Usukumani ni kirefu, na vumbi lake jembamba huingia katika nafasi za kadi za RAM mpaka mguso unakatika. Dawa ya hili ni moja ya zile zinazomwaibisha mwenye mashine kwa urahisi wake: kadi huchomolewa, meno yake yakasuguliwa kwa raba ya kufutia penseli, ikarudishwa.

Mgawo wa umeme wa mwaka 2006, na ule wa mwaka 2011, uliongeza yake. Kompyuta haidhuriwi na giza; hudhurika wakati umeme unapokatika ghafla diski ikiandika, na wakati unaporudi kwa kishindo hali vyombo vyote vya mtaa vimeachwa vimewashwa. Kuanzia mwaka 2007 Wakala wa Nishati Vijijini ulisogeza nguzo hadi mahali ambapo hapo kwanza palikuwa na jenereta tu, na pamoja na nguzo zikaenda hitilafu hizo.

Hapo ndipo neno haiwaki linapoonesha uzito wake. Mwenye steshenari anayelitamka mbele ya fundi huenda akawa ana maana kwamba hakuna taa wala sauti, yaani umeme haufiki. Huenda akawa ana maana kwamba feni inazunguka na skrini ni nyeusi. Huenda maandishi meupe yametokea yakakoma, kwa kuwa betri imekwisha au diski haionekani. Huenda hata mashine imeanza barabara na monita ndiyo iliyokufa. Fundi aliyekulia kwenye redio alikuwa na mgawanyo wake tayari, na ameendelea kuutumia: moto haufiki, akimaanisha njia ya umeme, kama katika waya wa moto, imepiga shoti, imeungua, inawaka ila haioneshi, imekwama njiani. Usemi huu wa mwisho wastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha. Ndani yake uanzaji umekuwa safari yenye vituo, na swali la fundi likawa mashine imefika wapi. Hakuna fikra iliyo karibu zaidi na ukweli wa jambo lenyewe, wala haikutoka katika kitabu chochote cha Kiingereza.

Bali mteja hana mgawanyo huo, na fundi asiye mwaminifu hufaidika na pengo lililo baina yao. Kwa neno moja la mteja aweza kutozwa bei ya mazabodi, hali kilichokufa ni fyuzi. Fundi mwaminifu huenda kwa utaratibu ambao hautofautiani sana na ule wa wapenzi wa Commodore na BBC Micro: hupima umeme wa ukuta, kisha umeme wa pawa saplai ikiwa peke yake, kisha huondoa kila kisicho lazima, diski, kadi za ziada, hata RAM moja, mpaka mashine ibaki na viungo visivyopungua tena, huiwasha, akasikiliza. Sauti ndiyo msaada wake. Programu ya msingi iliyo katika ROM, ile iitwayo BIOS, ikishindwa kufika kwenye skrini hulia: mlio mmoja mfupi ni salama, na katika mashine nyingi mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ni ugonjwa wa upande wa picha. Katika habari zote ambazo kompyuta ya namna hii huzitoa inapoanza, mlio ndio pekee usiohitaji Kiingereza, na fundi ambaye hakumaliza shule huusoma sawa na mhandisi. Yaliyobaki yote ni Kiingereza, na kingine ni Kiingereza cha ajabu, kama ule ujumbe mashuhuri unaosema kwamba kibodi haikuonekana, kisha ukamwamuru msomaji abonyeze kitufe cha kibodi hiyo hiyo ili aendelee.

Wataalamu wa istilahi nao hawakulala. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na suala la jina la mashine yenyewe limezua mapendekezo zaidi ya moja: tarakilishi, ambalo limeshika katika maandishi ya Kenya, ngamizi, na kompyuta, ambalo watu wa Tanzania walikwisha amua kulitumia kabla ya kuulizwa. Kazi kubwa zaidi ilifanyika baadaye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wake wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004, na mwaka uliofuata kampuni ya Microsoft ikatoa programu zake za ofisi zikiwa na sura ya Kiswahili. Faili, kabrasha, hariri, hifadhi, kipanya, kiwambo: maneno haya yalipangwa, yakajadiliwa, yakachapishwa, na mengi ni mazuri.

Lakini tafsiri ya programu, kwa maumbile yake, huanza pale ambapo skrini imekwisha kuwa na maandishi. Inamchukua mtumiaji mlangoni mwa mashine iliyo nzima na kumtembeza ndani. Yaliyotangulia mlango huo, yaani umeme, saa, kaa la majivuni, mtihani wa kumbukumbu, milio, hayakuwa katika orodha ya mtu yeyote, kwa sababu hakuna kampuni iliyokuwa ikiuza Kiswahili cha mashine iliyokufa. Hivyo msamiati wa kompyuta umekua kutoka pande mbili zisizokutana. Upande mmoja ni wa kamati, wenye majina ya vitu vinavyoonekana kwenye skrini. Upande wa pili ni wa vibanda, wenye majina ya mambo yanayoizuia skrini isionekane, nao umeandikwa mahali pachache sana, ingawa maneno yake, kama moto, shoti, kuungua, kukwama, kuvimba, yana vitenzi vyenye nasaba kongwe kuliko nyingi za istilahi zilizosanifiwa. Mwanafunzi wa leksikografia anayetaka mifano ya jinsi lugha inavyounda istilahi bila kikao angeipata kwa wingi barabara ya soko la Kahama katika alasiri moja, iwapo angekubali kukaa kwenye benchi na kunyamaza.

Upungufu huo huonekana pia katika vitenzi vya upande wa pili wa kuwaka. Kuzima ni kitenzi chenye sura mbili: mtu huzima taa, na taa huzima yenyewe. Kwa taa haidhuru. Kwa kompyuta ni tofauti ya shilingi nyingi, maana mashine iliyozimwa na mtu na mashine iliyozima ni habari mbili. Mafundi wameliziba tundu hilo kwa kiambishi cha kujirejea, wakasema inajizima, na kwa neno hilo moja tu fundi hujua kwamba pawa saplai imechoka au prosesa inapata joto kupita kiasi kwa vumbi lililoziba feni. Wengine husema imezimia, kwa kitenzi cha mtu aliyepotewa na fahamu, nacho hutumika pale ambapo kuna matumaini ya kuzindukana.

Kompyuta nzito za bati sasa zimepungua katika steshenari za Shinyanga na Geita, na mahali pake pamekaa kompyuta za mapajani na, zaidi ya zote, simu za mkononi. Simu imeleta kitenzi ambacho kompyuta ya zamani haikuwa nacho. Isipowaka baada ya kujaribiwa betri na chaji, au ikiwaka ikakwama kwenye nembo ya kampuni bila kwenda mbele, fundi huiunganisha na kompyuta yake, akaifuta ile programu ya msingi ya kuanzia na kuiandika upya. Kazi hiyo huitwa kuflashi, na bango lenye neno hilo limetundikwa katika vibanda kutoka Mwadui hadi Katoro. Katika mashine za mwaka 1982 programu ya kuanzia ilikuwa imechorwa ndani ya chipu kiwandani isiweze kubadilika. Ikifa, chipu hung'olewa na kuwekwa nyingine. Fundi wa Katoro huibadilisha mteja akiwa anangoja, kwa waya mmoja.